Kuhamia kompyuta nyingine ya mezani bila kupoteza kazi: mwongozo wa mwenye steshenari

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye kompyuta ya mezani ndiyo inayomlisha: mwenye steshenari, katibu wa ofisi ndogo, mhasibu wa duka. Nimeuandika baada ya kuhamisha kazi za steshenari yetu hapa Morogoro. Wateja wetu wakubwa ni wanachuo wanaokuja kuchapa na kubana ripoti, vijana wanaoomba kazi, na familia zinazotengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mashine tuliyoiacha ni Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Tumehamia OptiPlex 7060 yenye i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 16 na diski ya SSD. Zote mbili ni mtumba kutoka nje, kama zilivyo mashine nyingi za ofisi zetu.

Kununua ilikuwa sehemu nyepesi. Jasho lilitoka kwenye kuhamisha, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Andika kila kazi ambayo mashine ya zamani inafanya

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta ni mali ya namna hiyo. Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari, liweke kando ya kibodi, na kwa muda wa kutosha andika kila kitu kinachofanyika hapo: programu iliyofunguliwa, kifaa kilichochomekwa, tovuti iliyoingiwa, folda iliyotafutwa. Usiandike kwa kukumbuka. Andika kazi inapofanyika, na mpe daftari kila anayekaa kwenye kiti hicho, kwa sababu kijana wa zamu ya jioni anafanya mambo ambayo wewe wa asubuhi huyajui.

Orodha yetu ilitoka na vitu ambavyo kichwani havikuwemo: lebo za bahasha za shule moja zinatoka kwenye faili la Excel lililounganishwa na Word, skana ya fotokopi inatuma kazi kwenye folda fulani, picha za paspoti saizi zinakatwa kwa amri zilizorekodiwa ndani ya Photoshop. Kila kimojawapo kikisahaulika, mteja anasimama kaunta na wewe unatafuta.

Hatua ya 2: Amua kama kweli unahitaji mashine nyingine

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, soma jina la prosesa. Kwa Intel, namba inayofuata i3, i5 au i7 ndiyo inayotaja kizazi: i5-4590 ni kizazi cha nne, i5-8500 ni cha nane. Kisha andika `tpm.msc` kwa njia ileile uone kama kuna TPM, yaani kifaa cha usalama cha ndani kinachotunza funguo za siri, toleo la 2.0.

Hesabu hii ina maana kwa sababu Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji binafsi wapo wanaoweza kujiandikisha kupata nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini huo ni muda wa kujipanga tu. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, Secure Boot (kinga inayokagua programu mashine inapowaka), RAM isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64, na kwa Intel orodha yake kwa jumla inaanzia kizazi cha nane. Zipo njia za kulazimisha iingie kwenye mashine ya zamani zaidi. Kwenye kompyuta ya kazi sizipendekezi: Microsoft hawaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na siku ikigoma utakuwa na foleni ya wateja.

Kama mashine yako ni ya kizazi cha nane kwenda juu na tatizo ni uzito tu, usinunue kompyuta. Nunua SSD na uongeze RAM. Mashine yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4 inachoka kwa sababu RAM ikijaa inaanza kuandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka haina mbio hizo. Vitu hivyo viwili vikibadilishwa, mashine ileile inafanya kazi kama nyingine.

Hatua ya 3: Chagua dukani kwa macho na mikono yako

Kwa mtumba wa ofisi, majina ya kukumbuka ni haya: Dell OptiPlex 3060, 5060 na 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M720. Hizi ni za kizazi cha nane. Anayekuuzia EliteDesk 800 G3 au OptiPlex 7050 anakuuzia mashine nzuri, ila ni ya kizazi cha saba au cha sita, na kwa Windows 11 utakwama mlangoni. Usisome stika ya nje peke yake. Stika huhamishwa. Washa, fungua `msinfo32`.

Ukiwa bado dukani fanya haya, na muuzaji mwenye bidhaa safi hatakuzuia:

- Izime, iwashe tena na ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo mara tu inapoamka. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapohapo. Utashindwa kubadili lolote la ndani siku ukihitaji.
- Angalia saa ya mashine. Ikiwa inarudi miaka ya nyuma kila ikichomolewa, betri ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi imekufa. Ni kitu cha bei ndogo, lakini saa ikiwa mbovu vivinjari vitakataa kufungua tovuti salama na utadhani ni mtandao.
- Nenda na programu ya bure ya CrystalDiskInfo kwenye flashi. Inakuonyesha afya ya diski na saa ambazo imewaka tangu izaliwe. Diski ya kuzunguka yenye sekta zilizohamishwa, yaani sehemu zilizoharibika, hata chache, usiiwekee kazi ya mtu.
- Chomeka kitu kwenye kila tundu la USB, la mbele na la nyuma. Sikiliza feni. Weka kiganja nyuma ya kasha usikie joto.

Usihesabu kwamba RAM yako ya zamani itahamia. Kizazi cha nne kinatumia DDR3, cha nane kinatumia DDR4, na hata matundu hayalingani. Wi-Fi nayo uliza: kompyuta nyingi za mezani za ofisi zinakuja na tundu la waya wa mtandao tu.

Hatua ya 4: Umeme na kioo

Geuza kasha uone sehemu ya umeme. Baadhi ya mashine, hasa za zamani au zilizounganishwa na mafundi, zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa iko kwenye 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, pawasaplai inalipuka papo hapo. Tazama kabla ya kuchomeka, hata kama muuzaji amesema ameshaijaribu.

UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, isiwe ya hiari. Umeme ukikatika wakati SSD inaandika, unaweza kupoteza faili au Windows nzima. UPS ya 650VA inatosha kasha moja na kioo chake kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Printa ya leza usiichomeke kwenye upande wa betri wa UPS: inapopasha moto sehemu ya kuyeyusha wino inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo itazidiwa na kuzima kila kitu.

Kioo chako cha zamani pengine kinatumia VGA, tundu la picha la zamani. Kompyuta za kizazi hiki nyingi zina tundu jipya zaidi la DisplayPort, na VGA ipo kwa baadhi tu. Nunua adapta ya DisplayPort kwenda VGA. Ukinunua kebo ya DisplayPort na HDMI, ulizia mwelekeo: ile ya kawaida inapeleka picha kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na ukiigeuza kioo kinabaki cheusi.

Hatua ya 5: Weka Windows safi, hata kama imekuja nayo

Mashine ya mtumba huja na Windows ambayo hujui nani aliiweka wala aliweka nini pamoja nayo. Mara nyingi kuna Office iliyofunguliwa kwa ujanja, na programu inayofungua kwa ujanja ndiyo njia ambayo virusi hupenda kupita. Kompyuta itakayobeba vitambulisho vya watu haistahili kuanza maisha hivyo.

Pakua kifaa cha kutengenezea flashi ya Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, tumia flashi isiyopungua GB 8, futa sehemu zote za diski na uweke upya. Kompyuta za ofisi za makampuni haya kwa kawaida zina ufunguo wa Windows uliohifadhiwa ndani ya mazabodi tangu kiwandani, kwa hiyo ukiunganisha intaneti inajiwezesha yenyewe bila kuombwa namba. Kama huna Wi-Fi, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe ushirikishaji wa intaneti.

Hapa kuna mtego mmoja wa kuujua. Ikiwa baada ya kuweka upya na kuunganisha mtandao inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kuomba barua pepe ya kazi, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Kuifomati hakutaondoa usajili huo. Irudishe dukani. Ndiyo maana hatua hii inafanywa siku zilezile za mwanzo, wakati muuzaji bado anakumbuka sura yako.

Kisha rekebisha mahali. Windows iliyowekwa kwa mipangilio ya Marekani inaleta karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279, wakati sisi tunatumia A4 ya 210 kwa 297. Ripoti ya mwanafunzi iliyopangwa kurasa 60 itavunjika, vichwa vya habari vitahamia chini ya ukurasa, na yaliyomo hayatalingana na namba. Na tarehe: ukiandika 3/4 kwenye Excel, kwa mipangilio ya Marekani inasomeka Machi 4, si Aprili 3. Daftari la madeni likiingia na kosa hilo hutaliona hadi mdaiwa abishe. Weka nchi iwe Tanzania, au Kenya kama uko huko, kisha fungua mipangilio ya kila printa na uhakikishe A4 huko pia.

Baada ya hapo tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofanya diski isisomeke bila ufunguo. Windows 11 za karibuni hufanya hivyo zenyewe kwenye mashine nyingi pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ni kinga nzuri, lakini ufunguo wa kuirejesha wenye tarakimu 48 uchapishe na uuweke kabatini pamoja na leseni ya biashara. Bila huo, hitilafu moja ya mazabodi inafunga kila kitu.

Hatua ya 6: Chuja mafaili kabla ya kuyahamisha

Kuhama kompyuta ni kama kuhama nyumba: usipochambua kabla ya kufunga mizigo, unalipia gari kubeba takataka. Kwa steshenari kuna sababu nzito zaidi ya hiyo. Fungua folda ya vipakuliwa na folda ya skana uangalie kilichomo: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, mikataba ya viwanja, majibu ya hospitali ambayo mtu alikuja kutoa kopi. Wenyewe waliondoka na karatasi zao wakidhani mambo yameisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, taarifa ya mtu ni amana.

Sisi tuligawa mafuriko yale katika mafungu. Vitu vyetu wenyewe, yaani hesabu, violezo vya kadi, bei, barua, vyote vinahama. Kazi zinazoendelea zinahama. Nakala za vitambulisho na vyeti hazihami kabisa. Fungu lililotuumiza kichwa ni ripoti za wanachuo, kwa sababu mwanafunzi aliyepoteza flashi hurudi kwetu mbio, na zipo ripoti zilizookolewa na nakala iliyobaki kwenye diski yetu. Tuliamua hivi: ripoti inabaki hadi mwenyewe ahitimu ikiwa ametukubalia, na kwenye kaunta sasa kuna daftari la kutia saini ridhaa hiyo. Asiyesaini, kazi yake inafutwa akishakabidhiwa.

Hatua ya 7: Hamisha

Tumia diski ya nje kama daraja. Itasaidia hata baadaye, maana itabaki kuwa nakala yako ya akiba. Iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS. FAT32 inakataa faili lolote linalofika GB 4, na video ya harusi au faili kubwa la Photoshop linavuka hapo. Tafuta tundu la USB 3, ambalo mara nyingi huwa la rangi ya bluu. GB 300 kupitia USB 2 kwa kasi ya MB 35 kwa sekunde ni zaidi ya saa mbili. Kupitia USB 3, diski ya kuzunguka ikitoa MB 100 kwa sekunde, ni dakika 50.

Kwa folda kubwa usiburute kwa mausi. Faili moja likigoma katikati, hujui kilichopita na kilichobaki. Fungua dirisha la amri na utumie robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows:

`robocopy D:\Kazi E:\Kazi /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\nakala.txt`

Hapo D ni diski ya zamani na E ni diski ya nje. Badilisha kulingana na zako. `/E` inachukua folda zote za ndani. `/R:1 /W:1` ni muhimu sana: ukiziacha, robocopy inajaribu faili lililogoma mara milioni moja huku ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utaikuta asubuhi imekwama palepale. Ripoti inaandikwa kwenye `nakala.txt`. Ifungue, nenda chini kabisa, tazama safu ya yaliyoshindikana (FAILED). Isiposoma sifuri, panda juu usome majina ya mafaili hayo moja baada ya jingine. Utaona pia watu wakishauri `/MIR`. Hiyo inafuta upande wa pili chochote ambacho hakipo upande wa kwanza. Ukikosea kuandika njia, unafuta kazi. Kwa uhamisho wa mara moja haihitajiki.

Kuna mafaili ambayo hayakai kwenye folda ya Nyaraka, na hayo ndiyo huachwa nyuma.

Fonti ndizo za kwanza. Kadi ya harusi iliyopangwa kwa fonti ya mwandiko ikifunguliwa kwenye mashine isiyo nayo, Windows inaweka nyingine kimyakimya, majina yanaruka mstari na mapambo yanafunika tarehe. Fonti za mashine nzima ziko `C:\Windows\Fonts`. Lakini tangu Windows 10 toleo la 1809, fonti ambayo mtumiaji ameiweka mwenyewe bila ruhusa ya msimamizi inakwenda kwenye folda iliyofichwa: `AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts` chini ya jina la mtumiaji. Nakili zote mbili, kisha kwenye mashine mpya chagua ulizokuwa umeongeza, bofya kulia na uziweke kwa watumiaji wote.

Pili ni kamusi ya Word. Kama umekuwa ukiongeza maneno ya Kiswahili ili yasipigiwe mstari mwekundu, yako kwenye faili moja dogo: `CUSTOM.DIC` ndani ya `AppData\Roaming\Microsoft\UProof`. Ni maandishi matupu, lina majina ya mitaa, ya walimu, ya makanisa na misikiti, kazi ya miaka ya kubofya neno mojamoja. Linakaa hata kwenye flashi ndogo kuliko zote na watu wengi hulipoteza bila kujua lilikuwepo. Karibu yake, kwenye `AppData\Roaming\Microsoft\Templates`, kuna `Normal.dotm` yenye mitindo yako.

Kwa Photoshop, fungua paneli ya amri zilizorekodiwa, chagua seti yako na uihifadhi kama faili la `.atn`. Kwa QuickBooks tengeneza nakala rasmi kwa programu yenyewe badala ya kunakili faili likiwa wazi, na kabla ya kuzima ya zamani thibitisha kwamba leseni yako inaruhusu kuhama.

Mafaili ya Publisher yanahitaji neno lake. Steshenari nyingi zimejengwa juu ya Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, na Microsoft wametangaza kuisitisha Oktoba 2026; wenye usajili wa Microsoft 365 hawataweza tena kufungulia mafaili ya `.pub` humo. Wakati unahama ndio wakati wa kufungua kila kiolezo unachokitumia na kukihifadhi pia kama PDF, na vile vya kubadilishwa mara kwa mara uvijenge upya kwenye Word au programu nyingine unayoimudu. Usisubiri msimu wa harusi.

Hatua ya 8: Printa na fotokopi

Printa ya USB kwa kawaida haisumbui. Unganisha intaneti kwanza, ichomeke, subiri Windows itafute draiva, yaani programu ya kuiendesha. Ikishindwa nenda tovuti ya watengenezaji, siyo tovuti yoyote inayojitokeza juu ukitafuta. Printa ya sindano ya risiti au fomu za nakala inaweza kuwa ilikuwa kwenye tundu pana la zamani ambalo mashine mpya haina. Nyingine, kama Epson LX-350, zina USB pia nyuma yake.

Fotokopi inayotuma skani kwenye folda ya kompyuta ndiyo hugoma siku ya kwanza. Mashine ile imeandikiwa jina la kompyuta ya zamani, jina la mtumiaji na nywila yake. Ama ubadilishe kitabu cha anwani cha fotokopi, ama uipe kompyuta mpya jina la ile ya zamani baada ya kuibadilisha jina ile ya zamani, maana mbili zenye jina moja kwenye mtandao mmoja hugongana. Tengeneza mtumiaji maalumu wa skana mwenye nywila, umpe ruhusa kwenye folda ile moja tu.

Ikiwa bado inakataa, huenda fotokopi ni ya zamani na inajua SMB (njia ya mashine kupeana mafaili kwenye mtandao) toleo la 1 pekee, ambalo Windows za leo haziji nalo. Fundi anaweza kukuambia mliwashe. Kataa. Ni kupitia udhaifu wa SMB 1 ambapo kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu kwa kudai fidia. Tumia FTP, njia nyingine ya kutuma mafaili, kama fotokopi inaijua, au skani kwenda kwenye flashi.

Hatua ya 9: Akaunti na nywila

WhatsApp inaruhusu vifaa vinne vilivyounganishwa pamoja na simu, kwa hiyo unganisha kompyuta mpya, hakikisha ujumbe unaingia, kisha ondoa ya zamani kutoka kwenye simu.

Kwenye kivinjari kuwa mwangalifu. Ukiwasha usawazishaji wa akaunti ya Google, nywila zote zilizohifadhiwa zinahamia, zikiwemo za wateja waliowahi kukaa hapo kuomba mkopo wa HESLB au kazi kwenye Ajira Portal na mtu akabofya kuhifadhi. Kabla ya kusawazisha, andika `chrome://password-manager` kwenye ya zamani, pitia orodha na ufute kila ambayo si yako. Inachosha, lakini kila mstari pale ni mlango wa mtu.

Hatua ya 10: Ziache zifanye kazi pamoja, kisha futa

Usizime ya zamani siku mpya inapoamka. Iweke pembeni ikiwa nzima, na ufanye kazi kwenye mpya hadi mzunguko kamili wa biashara upite: mwisho wa mwezi wa hesabu, kundi la ripoti za wanachuo, kadi moja ya harusi toka mwanzo hadi kuchapwa. Lile daftari la hatua ya kwanza lipitie mstari kwa mstari, weka alama pale kazi ilipofanyika kwenye mashine mpya kweli. Mstari usio na alama ndio sababu ya kuiacha ya zamani ikiwa hai.

Mistari yote ikishapata alama, na nakala ya akiba ikiwa kwenye diski ya nje ambayo umejaribu kuifungua, ndipo ufute. Kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Programu ya bure inarudisha vyeti vya watu kwa dakika chache. Kwa diski ya kuzunguka, anzisha mashine kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift na F10 kupata dirisha la amri, andika `diskpart`, kisha `list disk`, chagua namba ya diski kwa kuangalia ukubwa wake mara mbili, halafu `clean all`. Amri hiyo inaandika sifuri kila mahali na inaweza kuchukua saa kadhaa. Chomoa diski nyingine zote kabla ya kuanza. Kwa SSD tumia kifutio kilichomo kwenye mipangilio ya mashine yenyewe (ile inayofunguka kwa F2, F10 au F1), kwa sababu SSD huhifadhi vipande mahali ambapo kuandika juu hakufiki.

Mashine yenyewe isitupwe. Ile 9020 tumeiwekea SSD ndogo na Linux Mint, ambayo inaridhika na RAM ya GB 4 na bado inapata masasisho ya usalama. Sasa ndiyo meza ya wateja wanaotaka kujaza maombi wenyewe. Haina printa, haiko kwenye mtandao mmoja na mashine ya hesabu, na Firefox yake imewekwa kwenye hali ya faragha ya kudumu, kwa hiyo mteja akifunga dirisha na kuinuka, akaunti yake inafungwa pamoja nalo.